Maji ya kichwani: kutoka Cordoba mpaka Mbale

Najua kuna watu wanasubiri niendelee na stori ya foleni ya maji hosteli, lakini hiyo itasubiri kidogo, maana foleni yenyewe bado ipo. Leo nataka kuwaletea historia. Si ile ya Mkutano wa Berlin na Vita vya Majimaji tunayolishwa kila siku. Hii ni historia ya ugonjwa mmoja tu.

Imeanzia kwenye semina ya fasihi wiki iliyopita. Tulikuwa tunachambua Kichwamaji ya Kezilahabi, iliyotoka 1974, na mnakumbuka kwamba kuzaliwa mtoto mwenye kichwa kikubwa ni moja ya mambo yanayomvunja kabisa msimulizi. Basi jamaa mmoja wa nyuma akasimama, kwa kujiamini kweli, akasema kwamba mwandishi anatuonyesha ukweli wa maisha: watoto wa namna hiyo ni malipo ya starehe za wazazi. Darasa likaguna kukubali. Hakuna aliyebisha, tukahamia kwenye dhamira nyingine.

Mimi nilinyamaza lakini moyoni nilikuwa nimechemka. Riwaya ni riwaya, mwandishi ana uhuru wake. Ila sisi tunaoguna ni walimu wa kesho. Mwakani tutakuwa na madarasa yenye watoto sitini, sabini, na mmoja wao anaweza kuwa na mrija mdogo chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Tukiingia darasani na hilo la malipo kichwani, nani atamsaidia? Nikaenda maktaba, nikakaa huko siku tatu, nyingine nikamalizia kwenye vimbweta mpaka giza likaingia. Haya niliyoyapata ndiyo nawaletea.

Kwanza tuelewane ugonjwa wenyewe. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinne vidogo vilivyounganishwa na vijia vyembamba. Kwenye vyumba hivyo kuna tishu laini zinazotengeneza maji masafi, meupe kama ya chupa. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita kwa siku, lakini kwa wakati wowote kichwani na kwenye uti wa mgongo yanakuwepo kama mililita 150 tu. Yaani yanatengenezwa, yanazunguka, yananyonywa na kurudi kwenye damu, kisha yanatengenezwa mengine, mara kadhaa kwa siku. Yanabeba ubongo usigongegonge mfupa na kuusaidia kuondoa uchafu. Sasa fikiria kijia kimeziba, au sehemu ya kunyonya imeharibika. Bomba halifungwi, shimo la kutolea limeziba. Maji yanajaa, vyumba vinatanuka, ubongo unasukumwa kwenye mfupa.

Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa haijaungana, ndiyo maana kichwa kinakua, utosi unavimba na kukaza, mishipa inaonekana, na macho yanaelekea chini kama jua linalozama. Kwa mtu mzima kichwa hakiwezi kukua, kwa hiyo yeye huumwa kichwa, hutapika, huona vibaya, hupoteza fahamu. Wapo na wazee ambao hubadilika mwendo, wanajikojolea, wanasahau, tukasema ni uzee. Mwaka 1965 daktari Salomón Hakim wa Colombia alionyesha kwamba baadhi ya wazee hao wana maji tu kichwani na wakitolewa wanarudi kutembea. Sijui ni mababu wangapi tuliwazika tukidhani ni umri.

Visababishi ni vingi. Kuna mtoto anayezaliwa na mgongo wazi, na wengi wa hao hupata na maji kichwani. Kuna waliozaliwa na kijia kilichoziba. Kuna njiti waliovuja damu kwenye ubongo. Kuna uvimbe. Na kuna maambukizi, homa ya uti wa mgongo na ndugu zake, ambayo hapa kwetu Afrika Mashariki yana nafasi kubwa sana kama mtakavyoona mbele. Kwenye orodha hiyo nimemtafuta mchawi sikumpata.

Tuingie kwenye historia. Wagiriki ndio waliotoa jina la kitabibu, maana yake ni maji na kichwa, basi. Tangu enzi za Hippocrates, karne ya 5 kabla ya Kristo, walijua kuna kichwa kinachojaa maji. Galen, karne ya 2, alijua vyumba vya ubongo, lakini hawakujua maji yanatoka wapi wala yanakwenda wapi, na ukishakosa hilo umekosa tiba.

Mtu aliyenigusa ni al-Zahrawi, yule mpasuaji wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, al-Tasrif, kina juzuu 30, na juzuu ya mwisho ni ya upasuaji, ina hadi michoro ya visu. Ameandika kuhusu watoto wa kichwa maji. Anaeleza pa kuchana ili maji yatoke na namna ya kufunga kichwa baadaye. Alidhani pengine mkunga amekibana kichwa wakati wa kuzaliwa, au kuna sababu nyingine iliyojificha. Halafu, baada ya maelezo yote hayo, anasema kwamba watoto wote aliowaona na ugonjwa huo walikufa upesi, kwa hiyo yeye ameona bora asiwafanyie upasuaji. Nilirudia aya hiyo mara mbili. Bingwa wa enzi zake, mwenye jina mpaka Ulaya, anaandika kwenye kitabu chake kwamba hapa sijaweza. Na angalia vizuri: hata yeye, miaka elfu moja iliyopita, alitafuta sababu kwenye mwili na kwenye uzazi. Hakwenda kumpigia mtu ramli. Sisi na semina yetu tuko nyuma ya Cordoba.

Baada yake miaka mia tano ikapita bila jipya. Vesalius, yule wa Fabrica ya 1543, alieleza mtoto wa kike wa miaka miwili huko Augsburg ambaye baada ya kufa alikutwa na maji mengi ajabu, na maji yenyewe hayakuwa juu ya ubongo kama watu walivyodhani, yalikuwa ndani ya vyumba vyake. Hii ilikuwa hatua kubwa. Lakini kwa mgonjwa aliye hai mambo yaliendelea kuwa yaleyale: kufunga kichwa bandeji za kubana, dawa za kuharisha, kutoboa na kumwaga maji. Wakimwaga yanajaa tena, au vijidudu vinaingia, mtoto anakufa. Mpaka miaka ya 1870 ndipo Wasweden wawili, Key na Retzius, walipoonyesha kwa rangi jinsi maji hayo yanavyozunguka. Mwaka 1891 Mjerumani Heinrich Quincke akaanza kuchoma sindano mgongoni kutoa maji, kipimo ambacho mpaka leo kinafanyika wodini na ambacho ndugu wengi bado wanakiogopa, eti kinapoozesha.

Halafu tunafika Marekani. Mwaka 1910 Chicago kulikuwa na daktari wa njia ya mkojo anaitwa Lespinasse. Sikosei, wa mkojo. Alichukua kile kibomba chenye taa wanachochungulia kwenye kibofu, akakiingiza kwenye ubongo wa watoto wachanga wawili, akachoma zile tishu zinazotengeneza maji. Mmoja alikufa palepale. Wa pili aliishi miaka mitano. Miaka michache baadaye Walter Dandy na Kenneth Blackfan, pale Johns Hopkins, waliziba kijia kwenye ubongo wa mbwa na mbwa wakapata kichwa maji. Huo ndio uliokuwa ushahidi safi kwamba kuziba ndio chanzo. Mwaka 1918 Dandy akajaribu kuzing'oa kabisa zile tishu kwa watoto wanne, watatu wakafa. Mwaka 1923 William Mixter wa Boston akafanya jambo lingine: akaingiza kamera ya aina hiyo hiyo ya njia ya mkojo kwa mtoto wa miezi tisa, akatoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapite njia ya mchepuko. Alifanikiwa. Lakini taa za enzi hizo zilikuwa hafifu mno, wengine hawakuweza kumfuatisha, mbinu ikawekwa kabatini. Naomba mkumbuke hizo mbili, kuchoma tishu na kutoboa tundu, zitarudi.

Kilichokuja kuokoa watoto wengi ni mrija. Wazo ni jepesi: chomeka mrija kwenye chumba cha ubongo, upitishe chini ya ngozi, ukamwage maji kwenye damu karibu na moyo, au siku hizi tumboni ambako mwili unayanyonya. Shida ilikuwa valvu. Maji yakitoka kasi ubongo unasinyaa, yakirudi nyuma damu inaziba mrija. Mwaka 1949 Nulsen na Spitz huko Philadelphia waliweka mrija wenye valvu ukafanya kazi, ila ilikuwa kazi ngumu na haikudumu.

Hapa ndipo anaingia baba mmoja anaitwa John Holter. Hakuwa daktari. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha makufuli cha Yale & Towne. Novemba 1955 akapata mtoto wa kiume, Casey, mwenye mgongo wazi, kisha kichwa kikaanza kujaa maji. Holter alikuwa anakaa hospitali anaangalia, maana baba afanye nini kingine? Akaona muuguzi anachoma sindano kwenye mpira wa dripu, akichomoa, mpira unajifunga wenyewe, haivuji hata tone. Wengine tungeona dripu tu. Yeye akaona valvu. Akaenda nyumbani kwenye karakana yake, akaanza kukata mipira na kuipima. Mpira wa kawaida ukashindwa, hauvumilii kuchemshwa kuua vijidudu. Akaelekezwa kwenye silikoni, kitu kilichokuwa kigeni wakati huo, na ndani ya miezi michache akawa na valvu inayofanya kazi. Spitz aliiweka kwa mara ya kwanza Machi 1956, kwa mtoto mwingine, si Casey. Holter akaacha kazi ya makufuli akafungua karakana ya kutengeneza valvu hizo, zikasambaa duniani. Casey mwenyewe alifariki akiwa na miaka kama mitano.

Wa pili ni Roald Dahl, na huyu ana undugu kidogo na sisi, maana kabla ya Vita vya Pili alikuwa kijana wa kampuni ya Shell hapahapa Dar es Salaam na Kiswahili alijifunza. Baadaye akawa mwandishi maarufu wa vitabu vya watoto. Desemba 1960, New York, teksi iligonga kigari alichokuwamo mwanawe Theo wa miezi minne. Maji yakajaa kichwani, akawekewa mrija, ukaziba, ukatolewa, ukawekwa mwingine, ukaziba, na kila ukiziba mtoto anapoteza kuona. Dahl akamkumbuka fundi mmoja, Stanley Wade, aliyekuwa anatengeneza injini ndogo za ndege za kuchezea. Akamkutanisha na Kenneth Till, mpasuaji wa ubongo wa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Mwaka 1962 valvu yao ikawa tayari, na wote watatu wakakubaliana kutochukua faida. Ilitumika kwa maelfu ya watoto. Theo alikuwa ameshapona kiasi cha kutoihitaji.

Nimekaa sana kwa hawa wawili makusudi. Kwenye mihadhara yetu sayansi inasimuliwa kama kazi ya mabingwa wa makoti meupe. Hapa ni baba wa makufuli na baba wa hadithi, mmoja mtoto wake hakunufaika kwa muda mrefu, wa pili wa kwake hakuhitaji tena, na bado vitu vyao vikaokoa watoto wa watu.

Ila mrija una tatizo lake. Unaziba, unakatika, unaingia vijidudu, na mtoto anapokua unakuwa mfupi. Mgonjwa anaweza kurudi chumba cha upasuaji mara nyingi maishani. Ukikaa Boston, ukiona dalili unapiga simu, saa moja uko hospitali. Ukikaa kijijini, mvua imekata barabara, nauli huna, mrija ukiziba usiku ni jambo lingine kabisa. Mwaka 2000 Mmarekani Benjamin Warf alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, na familia yake, kufanya kazi kwenye hospitali ya watoto ya CURE iliyofunguliwa mwaka uliofuata. Akakuta watoto kwa mamia. Na akakuta jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikumwandaa: kati ya wagonjwa 300 aliowachunguza na kuandika 2005, asilimia 60 hivi walipata ugonjwa baada ya maambukizi ya utotoni. Mtoto anazaliwa mzima, anapata homa kali na degedege, anapona, wiki kadhaa baadaye kichwa kinaanza kukua. Hapo ndipo jirani anaanza maneno yake.

Warf akafanya mambo mawili. La kwanza, alilinganisha mrija wa bei kubwa na ule wa India unaoitwa Chhabra, kwa watoto 195. Mmoja ulikuwa dola 650 hivi, mwingine dola 35. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa mtu wa bumu kama mimi hesabu hiyo haihitaji kikokotoo. La pili, alifungua kabati la zamani. Akaunganisha tundu la Mixter na kule kuchoma tishu kwa Lespinasse, safari hii kwa kamera za kisasa, bila kuacha mrija wowote mwilini. Kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja, kutoboa tu kulifanikiwa kwa asilimia 47, kutoboa pamoja na kuchoma asilimia 66. Mbinu hiyo ya Mbale ikaanza kufundishwa Marekani kwenyewe. Nimezoea kusoma historia ambayo ujuzi unashuka meli kuja kwetu, hii imepanda ndege kwenda kwao.

Si muujiza lakini. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto 100 wa hapohapo Mbale, nusu mrija, nusu mbinu mpya, na baada ya mwaka mmoja maendeleo yao ya akili hayakutofautiana sana. Wapo ambao tundu linafunga na wanaishia kwenye mrija. Na mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba kwenye maji ya wengi wa watoto wale wa Uganda kuna bakteria wa jamii ya Paenibacillus, ambaye vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa vinamkosa. Miaka yote hiyo mama anaulizwa amekosea nini, kumbe ni mdudu.

Hapa Tanzania upasuaji huu unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na kwenye hospitali nyingine kubwa kama Bugando. Kwa upande wa mgongo wazi kuna kinga pia: vitamini ya foliki asidi, ambayo mama anapaswa kuwa nayo mwilini kabla hata hajajua ana mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto unafunga ndani ya mwezi wa kwanza. Ndiyo maana tangu 2011 kanuni zinataka viwanda viongeze virutubisho kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Shida ni kwamba wengi wetu vijijini tunakula unga wa mashine ya mtaani, ambao hauongezewi kitu. Dada zangu mnaosoma hapa, vidonge hivyo ni bei rahisi, na msisubiri siku ya kliniki ya kwanza, inakuwa tumechelewa.

Sasa niseme lililonifanya nichemke. Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, shule siitaji, nilikuwa na mvulana wa kidato cha kwanza, mpole, mwenye kipaji cha kukumbuka tarehe. Wiki ya tatu akaanza kusinzia darasani. Maksi zikashuka. Akatapika asubuhi mbili mfululizo. Mwalimu mmoja akamchapa kwa uvivu, mwingine akasema anavuta bangi. Siku moja nimesimama nyuma yake nasahihisha daftari, nikaona kamba nyembamba chini ya ngozi, kutoka nyuma ya sikio inashuka shingoni. Nikamuuliza taratibu. Akasema, "Mwalimu, huo ni mpira wangu, niliwekewa nikiwa mdogo." Mama yake tulipomwita alikuja na daftari la kliniki lililozungushiwa nailoni, akatuambia kwamba mwanzo wa mwaka alileta barua ya daktari shuleni. Barua ilikutwa kwenye faili, haijafunguliwa.

Walimsafirisha usiku uleule kwa gari la kukodi, shilingi zilichangwa ofisini, na yule aliyemchapa alitoa nyingi kuliko wote. Mrija ulikuwa umeziba, wakabadilisha. Mama aliniambia kitu kimoja tulipokuwa tunasubiri gari: baba wa mtoto aliondoka mwaka ule ule alipozaliwa, ukoo wake ukasema upande wa mwanamke ndio wenye mkosi. Alilea peke yake, kwa kuuza mboga.

Kwa hiyo walimu wenzangu, mkipangiwa shule, siku ya kwanza someni faili za afya za watoto wenu. Mwenye mrija akiumwa kichwa kisichoisha, akitapika hasa asubuhi, akisinzia kupita kawaida, akiona maluweluwe, akipata homa, au njia ya mrija ikivimba na kuwa nyekundu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Si ya kesho, na fimbo haihusiki. Mengine yote anaweza: anasoma, anacheza, anafaulu, wengine wanachelewa kidogo kwenye hesabu au kukaza mawazo na wanahitaji muda zaidi wa mtihani. Watoto wachanga kliniki huwa wanapimwa mzunguko wa kichwa kwa utepe, kwa hiyo mwenye mdogo wake au mpwa wake nyumbani aulize kadi inasema nini.

Semina ya fasihi ni tena Alhamisi. Nimemwomba mhadhiri dakika kumi kabla ya kuendelea na sura inayofuata, amekubali. Yule jamaa wa nyuma nimemwambia akae mbele.